Muulize Shangazi: Nyati alikufa kesho yake, mteja anataka afe papo hapo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mpiga video wa hapa Morogoro. Nilianza na harusi, sendofu na vipaimara, kazi ambazo ukikosea sura ya bibi harusi unatukanwa lakini hufi. Mwaka jana mjomba wangu, kaka yake mama, aliniunganishia kazi kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Yeye ni mfuata nyayo, kambini wanaita traka, na kazi hiyo ameifanya tangu sijazaliwa. Wageni siku hizi hawaridhiki na pembe na ngozi, wanataka na filamu ya safari yao wakaoneshe kwao na kuitupia mtandaoni. Kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa bei nafuu kuliko wapiga picha wa nje. Nikapata.

Tatizo langu limeanzia Septemba. Tulikuwa na mteja mmoja, mtu mzima, mkarimu, hana matusi. Siku ya tatu jioni tukakuta kundi la nyati limetoka kunywa maji. Mteja akashuka kwenye gari, akaegemeza bunduki kwenye boneti, akapiga. Mwindaji bingwa, yule mwenye leseni ya kuongoza wageni, alikuwa bado anamwambia asubiri dume ligeuke ubavu. Nyati akajikunja mgongo, akakimbia na wenzake. Mjomba akasema neno moja tu: "Tumbo." Mteja akapiga tena huku kundi linakimbia, sijui ilienda wapi. Jua lilikuwa linazama, mwindaji bingwa akakataa kumfuata gizani.

Asubuhi tukarudi. Mjomba mbele, hana silaha, anasoma damu. Ilikuwa nyeusi, ina vipande vya majani. Tulitembea tangu saa kumi na mbili mpaka karibu saa tano. Nyati alikuwa amezunguka, amerudi kusimama pembeni ya njia yake mwenyewe ndani ya kichaka, anatusubiri. Alipotoka, mjomba aligeuka kukimbia, akajikwaa, akaanguka. Mwindaji bingwa akapiga mbili, nyati akaanguka kama hatua kumi kutoka tulipo. Mteja alikuwa nyuma na askari wa wanyamapori. Mjomba alivunjika kifundo cha mkono. Yote hayo ninayo kwenye kadi.

Sasa mteja anataka filamu ya dakika nne: anaonekana analenga, risasi moja, nyati anaanguka, picha ya kumbukumbu, wimbo. Gari lisionekane. Anguko la risasi yake sinalo kwa sababu halipo, ila ninalo anguko la nyati mwingine aliyepigwa na mgeni wa wiki iliyotangulia, yule alidondoka palepale. Meneja wa kambi ameniambia: "Unganisha, nani atajua? Nyati ni nyati." Tulikubaliana milioni moja na laki sita, nimeshapewa nusu, nusu iliyobaki mpaka nikabidhi kazi. Na msimu ujao unaanza Julai, wakinikata nimerudi kwenye vipaimara.

Nilimwuliza mjomba. Akasema: "Wewe fanya wanavyotaka, mwanangu. Hiyo ni picha tu." Lakini tangu aseme hivyo sina amani. Nikikaa kuediti nafika pale pa kuunganisha, nafunga kompyuta.

Je, nikiifanya nitakuwa nimetenda kosa? Au najisumbua bure kwa kitu ambacho kila mtu anakifanya?

Halafu kuna jambo dogo tu. Ile sehemu mjomba anakimbia na kuanguka, niliikata sekunde 30, nikaiwekea muziki wa kuchekesha, nikaiweka kwenye akaunti yangu. Imetazamwa zaidi ya mara laki mbili, ndiyo klipu yangu kubwa kuliko zote. Mjomba anatumia kitochi, hajaiona. Binti yake ameiona, hajibu meseji zangu. Na kuna watu wanauliza hapo ni wapi, maana mwanzoni kabla ya nyati kuna tembo wawili wa meno marefu wanavuka mto mkavu. Sijawajibu. Nadhani hilo halina shida.

Ni mimi, Mpiga picha, Morogoro.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua ninazopata ni za mawifi, mahari, na waume wanaoweka namba za siri kwenye simu. Hii yako nimekaa nayo wiki tatu. Mimi ni mtu wa Rufiji, nyati kwetu ni mnyama wa kuchelewesha watoto kwenda shule, lakini kamera na vitalu vya uwindaji sivijui, ikabidi nimpigie shemeji yangu. Amekuwa askari wa wanyamapori Selous kwa miaka 26 mpaka alipostaafu. Nikamsomea barua yako yote kwenye simu. Alikaa kimya, kisha swali lake la kwanza likawa: "Mkono wa huyo mzee umepona?"

Nikarudi kwenye barua kutafuta jibu. Umeniandikia bei, umeniandikia sekunde, umeniandikia idadi ya watazamaji. Hali ya mkono hukuiandika.

Kwa hiyo naanza na lile uliloliita dogo. Mwanangu, mtu akiniandikia "halafu kuna jambo dogo tu," huwa najua ndiyo barua yenyewe imeanza. Umekuja kwangu unamshitaki mteja kwamba anataka kufanya uongo na kifo cha nyati, na meneja kwamba anasema nyati ni nyati. Wakati huohuo umemchukua kaka wa mama yako, mtu aliyetembea mbele bila silaha ili wewe upate picha, saa ile anakimbia kuokoa roho yake, ukamwekea muziki wa kuchekesha. Watu laki mbili wameona mzee anaanguka. Hata mmoja wao hajui kwamba alivunjika, kwa sababu umekata kabla hajashika mkono wake. Wewe tayari umeshafanya kile anachokutaka mteja. Tofauti ni kwamba wewe hukulipwa.

Iondoe leo. Usisubiri kumaliza kusoma. Ukishaiondoa rudi tuendelee.

Haya. Kuhusu hao tembo wawili. Hapo ndipo shemeji alipopandisha sauti. Miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Yeye aliyaona hayo yakitokea, mzoga baada ya mzoga, nyuso zimekatwa kwa shoka. Akaniambia, "Mtu haulizi ni upande gani wa mto kwa sababu anapenda mandhari." Labda wengine wanaopenda mandhari wapo, sibishi. Lakini mto mkavu una umbo lake, kilima kina umbo lake, na aliyezaliwa pale hahitaji ramani, sekunde tano zinamtosha. Simu yenyewe na droni huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili, usipoyafuta unayatoa pamoja na picha. Kwa hiyo kuanzia sasa: futa maelezo ya mahali kabla ya kumpa mtu yeyote faili, usiweke hadharani picha ya tembo wa meno makubwa wakati msimu unaendelea, na usiseme jina la mto hata ukiulizwa na mchungaji. Kama kuna mtu amekufuata kwa meseji binafsi kuuliza mahali, hifadhi ile meseji na umpe askari aliyekuwa nanyi. Yeye atajua la kufanya nayo.

Sasa tuje kwa mteja wako.

Huku kwetu tunatofautisha kusitiri na kuficha, ingawa kwa mbali vinafanana kwa sababu vyote viwili vinaweka kitu gizani. Aliyesoma madrasa anakumbuka tulivyofundishwa kuchinja: kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Ile ni stara. Unajua anakufa, naye pengine anajua, lakini kuna namna ya kumpa heshima yake ya mwisho. Maiti tunaifunika. Mama anayejifungua tunampigia khanga ya mlango. Hapo hakuna anayedanganywa, kila mtu anajua nyuma ya khanga kuna nini. Kuficha ni pale unapoweka pazia ili aliye nje aamini jambo ambalo halikutokea.

Chukua kipimo hicho ukae nacho mbele ya kompyuta yako. Mlio wa nyati anapokata roho, ukiutoa umemsitiri. Utumbo, ukiukata umesitiri. Ulimi unaoning'inia kwenye picha ya kumbukumbu, ukiurudisha ndani na kufuta damu puani kabla ya kupiga, umesitiri. Shemeji anasema wawindaji wenye adabu zao wanafanya hivyo bila kuambiwa, na hawamkalii mnyama mgongoni kama kochi. Wageni wa Kijerumani aliwaona wakikata tawi bichi na kumwekea mnyama mdomoni, wanaliita tonge lake la mwisho, ni mila yao. Yeye alidhani ni uchawi mpaka alipoeleweshwa.

Lakini risasi mbili kuwa moja, siku mbili kuwa dakika, gari kutoweka, na nyati mmoja kufa kifo cha nyati mwingine, hapo hakuna unayemsitiri. Mwenye aibu pale ni mteja peke yake. Nyati wa Septemba alilala na risasi tumboni usiku mzima. Hilo ndilo lililompata. Ukimpa anguko la mwenzake umemwondolea hata usiku wake.

Utaniuliza, kwani ni nani anadhurika? Nimelifikiria, kwa sababu sipendi kukuambia "ni vibaya" halafu basi. Anadhurika mfuata nyayo wa mwaka kesho. Mtu atakaa sebuleni kwake huko aliko, ataona filamu yako, ataamini kwamba nyati anapigwa kwa mbali, jioni, ukiegemea gari, risasi moja, wimbo. Atakuja na imani hiyo kichwani. Atapiga tumbo. Na atakayeingia kichakani asubuhi kusoma damu nyeusi hatakuwa yeye. Shemeji alinieleza damu: yenye povu jekundu jepesi ni ya mapafu, hamtembei mbali. Nyeusi yenye majani ni ya tumbo, na huyo anaweza kuishi saa nyingi na ana muda wa kuwachukia. Akaniambia filamu nzima angepewa yeye angeipa hiyo elimu, kwa sababu pale mjomba wako aliposema "Tumbo" kabla hata vumbi halijatulia, ndipo palipo na ujuzi wote wa safari ile.

Na usidhani umevumbua tatizo jipya. Mwanangu wa kike anafundisha historia ya sinema, alinichekesha na hii: mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu madarakani Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda. Mtengeneza filamu mmoja wa Chicago, William Selig, hakutaka kuachwa. Akanunua simba mzee, akatafuta mwigizaji wa kumwigiza Roosevelt, akajenga pori ndani ya studio, simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Filamu ikajaza watu kumbi. Cherry Kearton, Mwingereza, yeye alikuwa huku kweli na alimpiga picha Roosevelt mwenyewe, ya kwake ilipotoka mwaka uliofuata watu wakaona haina moto. Kwa hiyo meneja wako anayesema "nani atajua" ana ukoo mrefu. Mimi nilicheka, kisha nikamkumbuka yule simba.

Sasa kuhusu "nani atajua." Wawindaji watajua. Pembe za nyati hazifanani, paji la huyu limekaa hivi, ncha ya yule imevunjika. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya pembe anaziangalia kama wewe unavyoangalia lenzi. Filamu itamwonesha nyati wa pembe moja akianguka na nyati wa pembe nyingine akipigwa naye picha. Mteja wako atachekwa na wenzake, na atakayelaumiwa ni mpiga picha.

Na upande wa sheria sina mchezo nao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda ukiwa garini au karibu na gari, na inamtaka aliyemjeruhi mnyama afanye kila awezalo ammalize. Hilo la pili mlilifanya, tena vizuri, na ni jambo la kujivunia ambalo mteja anataka ulitupe. La kwanza lina matatizo, na wewe unaombwa ulifute. Kukata sekunde za gari kwenye filamu ya familia ni jambo moja. Ila kanda ghafi zenye tukio hilo usizifute hata uambiwe na nani. Weka nakala mbili, sehemu mbili. Siku ikiulizwa, aliyefuta ndiye atakayeonekana alikuwa na la kuficha, na jina litakuwa lako.

Unakumbuka ya 2014? Pengine ulikuwa bado shule. Video ya uwindaji, iliyopigwa na watu wa msafara wenyewe kwa raha zao, ilivuja. Ilionesha mambo ya kuwinda kinyume na taratibu, ikafikishwa bungeni, na Julai ya mwaka huo Waziri wa Maliasili na Utalii, Lazaro Nyalandu, akaifutia kampuni husika vibali. Yaliyofuata ni marefu na yana siasa zake, nayaacha. Ninachotaka uone ni kwamba hakuna mpelelezi aliyejificha kichakani na kamera. Kamera ilikuwa ya kujisifia.

Mwaka uliofuata ikaja ya simba Cecil, Hwange, Zimbabwe. Simba mwenye mkanda wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford shingoni. Alipigwa mshale na mteja Mmarekani, akajeruhiwa, akamaliziwa saa kadhaa baadaye. Watu walikasirika kwa mengi, ila zile saa kadhaa ndizo zilizowakaa kooni. Oktoba serikali ya Zimbabwe ikasema mteja hatashitakiwa, karatasi zake zilikuwa sawa. Aliyepelekwa mahakamani ni mwindaji mwenyeji aliyemwongoza, na kesi yake ikaja kufutwa baadaye. Mteja ana ndege ya kurudi kwao, mwanangu. Wewe na mjomba na yule askari mnabaki hapa na kadi za kumbukumbu.

Najua wasomaji wangu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, wameshachemka: Shangazi anajadili namna ya kuhariri badala ya kuuliza kwa nini nyati alipigwa. Mnayo haki. Bado mna uchungu wa wale madume wa tembo wa Amboseli waliovuka kuja upande wetu, Longido, wakapigwa mwishoni mwa 2023 na mapema 2024. Mimi mwenyewe sijawahi kuelewa utamu wa kulipa ili uue kitu usichokula. Shemeji ananiambia bila vitalu yale mapori yangekuwa mashamba na mkaa zamani sana, nami najua mkaa unavyokula pori kwa sababu naupika kila siku. Tumebishana miaka 30, kila Idi, juu ya pilau. Lakini kijana hajaniuliza kama uwindaji uwepo. Ameniuliza afanyeje Jumatatu.

Jumatatu, basi. Usianze kwa mteja na usianze kwa meneja. Nenda kwa mwindaji bingwa. Yeye ndiye aliyesema "subiri ageuke," yeye ndiye aliyekataa kumfuata nyati gizani, yeye ndiye aliyesimama mjomba alipoanguka. Leseni yake ndiyo iliyo hatarini kuliko kitu chochote cha mteja, na katika filamu ya risasi moja yeye hana kazi. Mwoneshe vipande viwili. Kile cha uongo, ambacho hujakikamilisha, na kingine ambacho nataka ukiandae kabla ya kwenda: jua linazama, mlio wa risasi ya kwanza, uso wa mjomba. Giza. Asubuhi, kidole cha mjomba kwenye jani lenye damu. Miguu inatembea. Kisha kichaka kinatikisika, na hapo kata. Usioneshe anguko la nyati wala la mjomba. Risasi mbili za mwisho zisikike tu kwenye giza la skrini. Kisha picha ya kumbukumbu, na watu wote waliokuwepo wamo: mteja, mwindaji bingwa, askari, mjomba. Dakika nne zinatosha na zinabaki. Mimi si mtu wa kamera, lakini nimeangalia tamthilia za Kituruki za kutosha kujua ipi kati ya hizo mbili mtu ataangalia mara ya pili.

Mteja umesema ni mkarimu, hana matusi. Inawezekana kabisa hajawahi kuoneshwa njia nyingine. Mtu anayeona haya huomba pazia, na mara nyingi ukimpa stara anaacha kuomba uongo. Mwambie kwa adabu: "Mzee, nimekutolea yote yasiyopendeza. Ila sikuweza kuweka nyati wa mtu mwingine kwenye safari yako." Usimhubirie. Sentensi hiyo inatosha.

Akikataa? Sitakudanganya kwamba Mungu atafungua mlango mwingine Jumanne yake. Laki nane ni kodi ya miezi mingi Morogoro. Ushauri wangu ni umkabidhi kanda zake zote kama zilivyo, ubaki na nakala, umwambie kazi ya kuunganisha umeshindwa, na jina lako lisitokee popote. Nusu uliyolipwa umeifanyia kazi porini, huna deni. Nusu nyingine huenda ukaikosa. Na Julai huenda usiitwe. Kama una mtoto anayesubiri ada na huwezi kabisa kuikosa hiyo fedha, basi angalau ukatae lile moja la nyati wa kuazima. Risasi ya pili ukiikata ni kosa, lakini ni kosa la mtu aliyeacha kusema. Nyati wa kuazima ni kosa la mtu aliyesema.

Nimebakisha mjomba, na kwa makusudi.

"Hiyo ni picha tu," alikuambia. Huyo ni mtu aliyevunjika mkono, anayejua msimu ujao ni Julai, anayemwona mtoto wa dada yake anataka kukosana na kampuni aliyomwingiza yeye. Ulitaka akujibu nini? Hukumwuliza swali, ulimwomba ruhusa. Usilichukue jibu lile kama ndilo moyo wake. Angalia picha zozote za safari za zamani, zile za kofia za jua na hema nyeupe: mzungu ana jina, mkewe ana jina, wakati mwingine farasi ana jina, na watu waliosimama nyuma wameandikwa "wapagazi." Mjomba wako amezaliwa nyuma ya picha hizo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao leo wanapigwa simu usoni na kila basi la watalii, wakiwa na upinde, wakiwa na nyani motoni, na klipu zao zinazunguka dunia na maneno ambayo wao hawakuyasema. Hajazoea mtu wa kamera kumwuliza anaonaje. Wewe ungekuwa wa kwanza, na una undugu naye juu ya hapo.

Kwa hiyo panda basi uende. Usipige simu, hili si la kitochi. Mpitie mama yako kwanza umwambie ukweli wote, kwa sababu kaka yake ndiye uliyemfanyia, na ikiwezekana mwende wote. Usiende mikono mitupu. Ukifika mpe klipu aione, pamoja na muziki wake, umwambie imeangaliwa na wangapi na kwamba umeiondoa. Atacheka, wanaume wa umri wake hucheka. Usimfuate kwenye kicheko hicho. Mwombe radhi mbele ya binti yake, maana huyo ndiye anayeaibika shuleni au kazini kwake kila klipu inapopita.

Baada ya hapo mwoneshe ile filamu nyingine, yenye kidole chake kwenye jani. Umwulize kama anataka jina lake liandikwe, na liandikwe vipi. Akisema hataki kuonekana kabisa, mtoe, hata kama filamu itapungua. Akitaka kuonekana, basi siku utakapoweka kipande chochote chake kwenye akaunti yako na kikakuletea kazi, kuna fungu lake humo, mkubaliane mapema ni kiasi gani. Na gharama za mkono, kampuni inapaswa kuzibeba kwa sababu aliumia kazini. Mwindaji bingwa aulizwe hilo siku hiyohiyo ya Jumatatu, na kanda yako ndiyo ushahidi kwamba aliumia pale na kwa sababu ipi. Unaona sasa kwa nini nimekukataza kufuta.

Ukirudi kutoka kwake niandikie mkono umefikia wapi. Shemeji ananiuliza kila akipiga simu, na mimi sina cha kumjibu.

Shangazi yako.